Sindano ya Eddah

Nyamvula hakutaka tena mgeni yeyote aingie chumbani mwake kabla ubani haujafukizwa. Eddah, bintiye mkubwa, alikuwa ameshaizoea kazi hiyo. Alimbadilisha mamake kitambaa, kile kichafu akakitia kwenye mfuko wa nailoni na kuufunga mafundo mawili, akaweka makaa chetezoni, kisha akafungua dirisha upande mmoja tu, ule usiotazama kwa majirani. Hapo ndipo mgeni alipoitwa. Na bado mgeni alikaa kwenye ncha ya kiti, pembe ya leso puani, akisema siku hizi Mtopanga kuna vumbi jingi.

"Vumbi gani, na jana kutwa mvua ilinyesha?" Nyamvula alimwuliza Eddah mgeni alipokwenda zake. Alijaribu kucheka, kicheko kikamgeukia maumivu.

Alikuwa na miaka arubaini na minne. Saratani ya mlango wa kizazi ilionekana mwezi wa Februari, ikiwa imeshasambaa. Daktari hakumwambia mumewe, Mwarandu, kwamba watamtibu. Alimwambia watampunguzia maumivu. Mwarandu, ambaye kazi yake ni kuvunja mawe kwenye machimbo ya Mwakirunge, aliikunja karatasi ya daktari akaitia mfuko wa shati, na ilipofika nyumbani ilikuwa imelowa jasho hata haisomeki. Hakuna aliyekwenda kuomba nyingine.

Mgeni mmoja tu ndiye aliyeingia bila kuziba pua. Huyo alikuwa Josephine, mhudumu wa afya wa mtaa, mwanamke mnene mwenye fulana ya buluu na daftari lililochakaa. Alikuja mwezi wa Julai, akakaa kitandani kabisa, karibu na miguu ya mgonjwa.

"Mwezi wa tisa watu wa chanjo ya kukinga saratani hii watapita shuleni kwa kina Dhahabu," alisema. "Ana miaka kumi na minne, sivyo?"

"Anatimiza kumi na mitano tarehe mbili Oktoba," alijibu Nyamvula kuhusu bintiye huyo mdogo.

"Basi ndiyo nafasi yake ya mwisho. Akishavuka kumi na minne, ya serikali haimhusu."

Nyamvula alimtazama. "Josephine, miaka minne iliyopita ulikuja hapa mlangoni kwa neno hilihili. Nilikwambiaje?"

"Yaache hayo, dada. Yalishapita."

"Nilikwambia mwanangu hajamjua mwanamume, sindano ya umalaya mnamchoma ya nini. Na nikapaza sauti makusudi, majirani wasikie kwamba mimi nalea watoto wangu vizuri." Alivuta pumzi. "Sasa majirani haohao wanasema malaya ni mimi. Nimeolewa nikiwa kigori, sijui mwanamume ila Mwarandu."

Josephine alifungua daftari lake akalifunga.

"Eddah!" Nyamvula aliita.

"Abee, mama." Eddah alikuwa papo hapo, nyuma ya pazia.

"Mdogo wako achanjwe. Niwe nipo, nisiwepo, Dhahabu achanjwe. Niahidi mbele ya huyu."

Eddah aliahidi. Kisha, Josephine alipokuwa akivaa viatu barazani, alimwuliza kwa sauti ya chini, "Na mimi je? Nina miaka ishirini."

"Ya bure umri wako umepita. Lakini kuna kiliniki za kulipa. Mara tatu watakuchoma. Na hata ukichanjwa, baadaye itakubidi uwe unakwenda kupimwa." Josephine alimwangalia pete ya uchumba kidoleni. "Ukiwa hujaanza mambo ya ndoa, ndiyo bora zaidi."

Eddah alikuwa ameweka akiba ya gauni la harusi. Jumatatu iliyofuata alipanda gari hadi Bombolulu, akaingia kiliniki moja ya ghorofani, akatoa pesa hizo, akanyoosha mkono. Nesi alimpa kadi yenye tarehe ya kurudi. Njiani alihisi kama mtu aliyeiba kitu na hakushikwa.

*

Eddah alikuwa msusi. Alisuka katika saluni ya Jalila, mwanamke wa Likoni aliyefungua biashara yake Mtopanga baada ya kuachika. Walikuwa wasusi wawili, yeye na Judy, msichana wa miaka ishirini na mbili aliyetoka Nakuru. Siku moja baada ya sindano, Eddah alikuwa amemshika mteja kichwa, mama mmoja aliyetaka misuko midogo midogo, mara mkono ukamchonyota akaweka kitana chini.

"Una nini?" Jalila aliuliza.

Angeweza kusema amelalia mkono vibaya. Lakini tangu jana alikuwa na furaha ndogo iliyokuwa ikimwasha, na hakuwa amempata wa kumwambia.

"Nimechanjwa. Ile ya kansa ya kizazi."

Judy alizima mashine ya kukaushia nywele. "Wee! Hiyo si ya watoto wa shule?"

"Hata sisi tunaweza."

"Mimi nilisikia hiyo ni family planning tu, wameibadilisha jina," Judy alisema. "Kwetu kuna dem alichomwa, akakaa miezi mitatu bila kuona siku zake."

"Labda alikuwa na mimba," alisema Eddah, na Jalila akacheka mpaka akashika kiuno.

"Lakini wallahi mimi siwezi," Jalila alisema alipotulia. "Sina bwana, sina rafiki, nasali sala zangu tano. Ugonjwa wenyewe wapitia kwa wanaume, sasa unijie kwa njia gani? Nikienda kuchomwa si ndiyo natangaza kwamba ninayo safari?"

"Mamangu hakuwa na safari yoyote," alisema Eddah.

Wote walijua hali ya Nyamvula. Jalila alisema haraka, "Mungu amponye, sikumsema yeye." Judy aliwasha tena mashine yake. Baadaye, Jalila alipotoka kununua chai, Judy alimsogelea Eddah akamwuliza hiyo kiliniki iko jengo gani, na kama huwa inafunguliwa Jumamosi.

Mteja mwenye misuko midogo alikuwa amesikia yote. Alijitazama kwenye kioo, akalipa, akashukuru. Alikuwa akiabudu kanisa moja na Mama Kaingu, mama wa mchumba wa Eddah.

*

Mama Kaingu alikuja Jumapili, akiwa na wanawake wawili wenzake wa kanisani, wote watatu na sare zao nyeupe. Alikuwa ndiye mavyaa wa Eddah wa kesho. Posa ilikuwa imeshapokewa, na harusi ya Kaingu na Eddah ilipangiwa Desemba. Eddah alipiga goti kidogo, "Shikamoo, mama," akaitikiwa "Marahaba" isiyo na uzito wowote.

"Karibuni ndani," alisema Mwarandu.

"Tutakaa hapahapa nje, kuna hewa," alijibu Mama Kaingu.

Viti vikatolewa. Chumba cha mgonjwa kilikuwa nyuma ya ukuta wa mbao usiofika juu, kwa hiyo kila lililosemwa barazani lilisikika ndani. Mama Kaingu alilijua hilo, maana alikuwa ameshawahi kukaa mle ndani. Hakupunguza sauti.

"Sikuja kugombana, Baba Eddah. Nimekuja kuuliza. Mwanangu wa kiume ni mmoja tu. Eddah, umechomwa sindano?"

"Ndiyo, mama."

"Ya nini?"

"Ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi."

"Na saratani hiyo huletwa na nini?"

Eddah alimtazama babake. Mwarandu alikuwa akiangalia vidole vyake, vyeupe kwa unga wa mawe usiotoka hata siku ya Jumapili.

"Ni vijidudu," alisema Eddah. "Mtu huvipata kwa... kwa mwanamume. Hata mumewe."

Mmoja wa wale wanawake aliguna. Mama Kaingu aliinama mbele. "Basi niambie, mwanangu. Unajikinga na nani? Kama una wanaume huko nje, sema tujue. Na kama huna, basi ni Kaingu wangu unayemwona mchafu. Lipi kati ya hayo mawili?"

"Hakuna hata moja, mama. Nimeona ugonjwa wa mamangu ndiyo maana..."

"Ugonjwa wa mamako ni wa mamako. Mimi nina miaka hamsini na sita na sijachomwa chochote, na niko mzima." Aliligeukia lile pazia la mlangoni kidogo, kisha akarudi. "Watu wanasema hiyo dawa hufunga kizazi. Mimi sijasoma, sijui. Lakini siwezi kuleta nyumbani mke wa mwanangu halafu nikae miaka mitano nikitazama tumbo. Akapimwe. Daktari aseme kama kizazi kipo kizima."

Mwarandu aliinua kichwa. "Binti yangu si mbuzi wa mnadani, Mama Kaingu."

"Sijasema mbuzi."

"Umesema apimwe ndipo anunuliwe."

Ndani, Nyamvula alikohoa. Kilikuwa kikohozi cha mtu anayetaka kusema jambo na hana nguvu. Eddah alikisikia. Alijua kwamba mamake angetaka kutambaa mpaka pale mlangoni, na angefika akiwa na kile kitambaa na ile harufu mbele ya sare tatu nyeupe.

"Nitakwenda," alisema upesi. "Baba, nitakwenda kupimwa. Si neno."

*

Walikwenda Jumatano, yeye na Mama Kaingu tu. Daktari alikuwa kijana mwenye miwani, akamlaza Eddah, akampaka ute baridi tumboni na kupitisha kifaa chake huku akitazama kwenye kioo cha mashine. Mama Kaingu hakukubali kungoja nje. Alisimama miguuni pa kitanda, mkoba kifuani.

"Kila kitu kiko sawa," alisema daktari. "Kizazi kizima, mayai yapo. Hana tatizo."

"Na ile dawa ya sindano?" Mama Kaingu aliuliza. "Umeiona?"

"Chanjo haihusiani na kizazi, mama. Haikai tumboni. Inaufundisha mwili kupigana na virusi."

"Nakuuliza kama mashine yako inaweza kuiona."

"Haiwezi kuiona, kwa sababu hakuna cha kuonekana."

"Basi haioni," alisema Mama Kaingu, akageuka na kutoka.

Eddah alijifuta tumbo kwa karatasi aliyopewa. Karatasi ilikuwa ndogo, na ute mwingine ukabaki ukagandana na gauni lake mpaka nyumbani. Daktari alimwambia pole. Alimwambia pia asikose sindano ya pili.

*

Kaingu alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na karakana yake ilikuwa kando ya barabara ya Kiembeni. Alipomwona Eddah alivua miwani ya kazi, akamfutia kiti kwa kitambaa. Alikuwa mwanamume mpole. Eddah alimpendea upole huo.

"Mimi nakuamini," alisema kabla hajaulizwa.

"Basi mwambie mamako."

"Nimemwambia. Halali usingizi, Eddah. Analia. Kila anayepita kwetu anamletea habari mpya. Mara watoto wa Malindi wamezimia, mara ni mpango wa wazungu." Aligeuza kile kitambaa mikononi. "Tusogeze mbele kidogo. Mwaka ujao, mwezi wa nane hivi."

"Kwa nini mwezi wa nane?"

Kaingu alianza kufuta miwani yake ya kazi.

"Unataka nikae hivihivi mwaka mzima ndipo uamue kama nitazaa? Utajuaje na hatujaoana?"

"Sikusema hivyo."

"Umesemaje?"

"Ungeniuliza kwanza," alisema Kaingu. "Hilo ndilo linaloniuma. Ungeniuliza."

"Nikikuuliza ungesemaje?"

Alifikiri kweli, kwa uaminifu, kama alivyofanya kila jambo. "Ningesema ngoja tuoane kwanza."

Eddah alinyanyuka. Kaingu alimshika mkono, kisha alipomwona mteja anaingia na lango lake juu ya mkokoteni, akauachia.

Baada ya wiki mbili walikuja wazee wawili wa upande wa Kaingu, wakakaa na Mwarandu barazani, wakasema maneno marefu yenye maana fupi: harusi haipo. Mwarandu aliwasindikiza hadi barabarani. Aliporudi alimkuta Eddah anachambua mchele, akasimama mbele yake.

"Ungeniambia kabla hujakwenda," alisema.

"Ungenizuia, baba?"

"Sijui. Lakini ungeniambia." Akaingia ndani kubadilisha nguo.

Saluni ilijua yote kabla ya saa sita mchana. Jalila alimkumbatia, akamlaani Kaingu na ukoo wake wote. Wateja wasichana, wa chuo na wa mtaani, walipokaa chini ya mikono ya Eddah walimtazama kwenye kioo, na wengine wakamwuliza kama ni kweli. Wakishasikia, walisema pole, na hakuna aliyeuliza kiliniki iko wapi. Siku moja Eddah alimkumbusha Judy mwenyewe.

"Ile siku ulitaka kujua jengo. Ulienda?"

"Mimi?" Judy alicheka. "Nilikuwa nauliza tu. Mimi bado nataka bwana, Eddah, usinikasirikie."

Tarehe ya sindano yake ya pili ilifika na ikapita. Eddah alijiambia mamake hawezi kuachwa peke yake siku ile, na ilikuwa kweli. Wiki iliyofuata kulikuwa na sababu nyingine, nayo pia ilikuwa ya kweli.

*

Lakini kuhusu Dhahabu hakulegea. Fomu ya ruhusa ilipoletwa kutoka shuleni aliipeleka mwenyewe kwa Mwarandu, naye akatia sahihi bila kuisoma. "Mamako ndiye aliyetaka," alisema. Asubuhi ya siku yenyewe Eddah aliipiga pasi sare ya mdogo wake, akamsindikiza hadi langoni, akamwona anaingia na wenzake. Dhahabu hakugeuka nyuma. Alikuwa msichana mkimya, mwenye alama nzuri, na tangu wale wazee wawili waje amekuwa mkimya zaidi.

Saa tisa alasiri Josephine alikuja mbio mbio na daftari lake. Hakuingia chumbani. Alimvuta Eddah pembeni, karibu na kamba ya nguo.

"Nilikuwa naita majina. Jina lake lilipofika akamwambia nesi ameshatimiza kumi na mitano. Nikamwambia nesi si kweli, nina tarehe yake hapa. Akasema basi hataki. Mbele ya darasa zima. Baada yake wakakataa wengine saba."

"Hamkuweza kumshika?"

"Mtoto hachomwi kwa nguvu, Eddah. Zungumza naye. Akikubali kabla ya tarehe mbili Oktoba, nitampeleka zahanati mwenyewe."

Dhahabu alikuwa nyuma ya nyumba anafua soksi zake. Aliposikia hatua hakuacha kufua.

"Kwa nini?" Eddah aliuliza.

"Sitaki."

"Mama ameomba. Unaona hali yake? Unataka kuja kuwa vile?"

"Sitaki kuwa vile." Dhahabu alikamua soksi, akaikamua tena. "Na sitaki kuwa kama wewe."

Eddah alichutama kando ya beseni.

"Jana Mama Kaingu alinikuta dukani," Dhahabu aliendelea, sasa machozi yakimdondoka katika beseni. "Akaniuliza, na wewe umeshachomwa kama dadako? Watu walikuwepo. Wavulana wa darasani kwetu walikuwepo. Nikasema hapana. Akasema mtoto mzuri, akaninunulia soda. Dada, mimi nilikunywa ile soda."

"Wanasema uongo, Dhahabu. Daktari amenipima. Mimi ni mzima."

"Najua wewe ni mzima! Nilisoma chote kile kikaratasi cha chanjo tulichopewa shuleni." Aliinua uso. "Wewe ni mzima na Kaingu amekwenda. Saluni wanakucheka ukitoka. Baba hazungumzi. Nikichomwa, nani atajali kama mimi ni mzima?"

Eddah alikuwa na maneno ya nesi, ya Josephine na ya daktari mwenye miwani, yote ya kweli, na mtoto huyu alikuwa ameshayasoma. Mkono wake ulikuwa umenyanyuka; hakujua ulitaka kupiga au kubembeleza. Akaushusha.

"Twende zahanati wiki ijayo. Mimi na wewe tu. Hakuna atakayejua."

"Wewe ulidhani hakuna atakayejua."

Sauti ya mamao ikaja kutoka ndani, nyembamba. "Eddah! Dhahabu amerudi?"

"Abee, mama! Amerudi!"

"Njooni."

Waliingia wote wawili. Hapakuwa na wakati wa kufukiza ubani. Nyamvula alikuwa ameegemezwa mto ukutani, shingo imebaki mishipa mitupu, lakini siku hiyo alikuwa amejifunga kilemba safi. Tangu asubuhi alikuwa akisubiri.

"Amechanjwa?"

Dhahabu aliinamisha kichwa. Eddah aliisikia pumzi ya mdogo wake ikikatika kando yake, na akajua kwamba mtoto angesema ukweli kama angeachiwa nafasi moja tu ya kusema.

"Amechanjwa, mama," alisema Eddah.

Nyamvula alifumba macho. Midomo yake ilitikisika akisema jambo ambalo halikuwa la masikio yao. Alipoyafumbua yalikuwa yamelowa. "Mkono upi?"

Dhahabu alinyoosha mkono wa kushoto, polepole, mpaka ukafika kitandani. Mamake aliupokea kwa mikono yote miwili. Akaupandisha ule mkono wa sare hadi begani, akatafuta kwa macho, na macho yake hayakuwa yakiona vizuri siku hizi.

"Panauma?"

"Kidogo," alisema Dhahabu.

"Pole, mamangu. Pole." Alianza kupapasa bega la mtoto kwa ncha za vidole, kwa uangalifu mkubwa, akizunguka mahali alipodhani sindano imeingia asije akapagusa. "Mimi niliogopa maneno ya watu, ndiyo maana nimefika hapa. Wewe hutafika. Eddah, leo asibebe kitu kizito, umesikia? Asichote maji."

"Nimesikia, mama."

Dhahabu alikuwa akilia bila sauti, na mamake akadhani ni maumivu ya sindano, akazidi kumbembeleza.

Eddah alitoka. Mitungi miwili ilikuwa mitupu, na zamu ya kwenda bombani ilikuwa ya mdogo wake. Aliichukua yote miwili, akaigonganisha kwa nguvu mlangoni ili mgonjwa asikie kwamba ni yeye anayekwenda, akashika njia.